Mafundi wa Nanga

Mwaka 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ya mtemi Suwarora, ambayo leo ni Biharamulo. Suwarora aliwatoza hongo nzito kabla ya kuwaachia njia ya Karagwe. Huko Grant aliuguza mguu kwa miezi kadhaa, na katika kitabu alichotoa mwaka 1864 akaeleza ala aliyoikuta: kibao cha mti mzito chenye umbo la sinia, na juu yake uzi mmoja uliopitishwa mara saba au nane, toka ncha hii hadi ile.

Hiyo ndiyo nanga. Wahaya huiita enanga. Warundi, majirani wa Wahangaza wa Ngara, huiita inanga.

Warundi wana namna moja ya kuiimbia ambayo kila mpenda muziki anapaswa kuisikia. Mwimbaji hapazi sauti, ananong'ona. Mnong'ono peke yake hauna tuni. Tuni inatoka kwenye nyuzi, na sikio la msikilizaji huunganisha hivyo viwili hadi likasikia wimbo kamili. Joseph Torobeka, aliyerekodiwa miaka ya 1960, aliufikisha ufundi huo kileleni.

Kwa Wahaya fundi alikuwa Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki 1993. Alighani tendi za mashujaa, ukiwemo wa Rukiza, kazi inayodai kumbukumbu, ubunifu wa papo hapo na vidole visivyochoka. Bahati yake, na yetu, ni kwamba M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizishughulikia tendi za nanga katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986. Mwaka 1997 Mulokozi alichapisha makala juu ya maisha ya Habibu, na katika kichwa chake akamwita manju wa mwisho.

Kwa nini wa mwisho? Manju wa nanga walilelewa na watawala. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, walezi hao wakaondoka, na redio na gitaa vikachukua wasikilizaji waliobaki. Lakini hamu ya nyimbo za Kihaya haikufa: mwimbaji Saida Karoli aliitikisa nchi nzima kwa Kihaya mwaka 2001, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo wake katika "Salome".

Habibu alipata mwandishi; manju wengi walizikwa na tungo zao. Kama kwenu Bugufi au Bushubi huko Ngara, au Rusubi huko Biharamulo, yupo mzee anayeijua nanga, mrekodi kwa simu mwaka huu huu. Taja jina lake, kijiji chake na kisa cha kila wimbo, kisha peleka nakala kwa ofisa utamaduni wa wilaya na kwa Radio Kwizera, iliyoanza kurusha matangazo Ngara mwaka 1995.