Moyo Unaotegemea Umeme: Historia ya Pampu na Wagonjwa wa Meru na Embu

Agosti 1966, mjini Houston, Marekani, Dkt. Michael DeBakey alimuunganisha mwanamke mmoja kutoka Mexico na pampu ya kuusaidia moyo. Ilimsukumia damu kwa siku 10, moyo wake ukapata nguvu, pampu ikaondolewa naye akapona. Miaka 2 baadaye bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme katika mto Tana, mpakani mwa Mbeere. Matukio haya nayaweka pamoja makusudi. Pampu ya moyo haifanyi kazi bila umeme, na familia nyingi zinazopakana na mabwawa ya Tana zilikaa miongo mingi zikitazama nyaya zikipita juu ya mashamba yao kuelekea Nairobi.

Pampu ya DeBakey ilikaa nje ya mwili. Juni 2000, mjini Oxford, Stephen Westaby na wenzake walimwekea Mwingereza Peter Houghton pampu ya Jarvik 2000, ndogo kama kidole gumba, iliyokusudiwa kukaa naye maisha yake yote. Ilitiwa katika chumba cha chini cha kushoto cha moyo. Waya wake ulipanda shingoni ukatokea nyuma ya sikio, ukaungwa na betri aliyoibeba kila alikokwenda. Kwa kuwa damu ilisukumwa mfululizo, mapigo yake yalikuwa hafifu mno kushikika kwa kidole; muuguzi asiyejua angeweza kudhani mtu anakata roho.

Houghton, aliyekuwa karibu kufa, aliishi miaka 7 zaidi, hadi Novemba 2007. Kinachonigusa ni alivyoitumia miaka hiyo. Alichangisha fedha ili wengine nao wapate pampu, akazungumza na wagonjwa waliokuwa wakiogopa upasuaji, akafanya matembezi ya hisani ya zaidi ya kilomita 140, mwendo unaopita ule wa Embu hadi Nairobi.

Huku kwetu, Dkt. Clive Irvine alianza kazi ya tiba Chogoria mwaka 1922. Miaka 100 na zaidi imepita, lakini kwa wagonjwa wengi wa moyo wa Meru na Embu, upasuaji wa vali umemaanisha kusafiri hadi Nairobi, au Tenwek kule Bomet. Mara nyingi ugonjwa wa vali huanza na koo la mtoto linalouma. Lisipotibiwa, homa ya baridi yabisi yaweza kufuata na kuharibu vali, ilhali penisilini ya bei nafuu ingeuzuia.

Aliyewekewa vali ya chuma anaishi kwa masharti yaleyale ya mwenye pampu: warfarini kila siku ili damu isigande, na kipimo cha damu cha mara kwa mara. Dawa ikizidi, anavuja damu. Ikipungua, damu huganda na kuleta kiharusi. Hata mukimo una neno hapa, maana majani ya malenge yanayopondwa ndani yake yana vitamini K inayoipinga warfarini. Hakatazwi kuula, ila asile mwingi leo kisha auache mwezi mzima. Ushauri huu apewe kliniki, kwa lugha anayoielewa, kabla hajarudi nyumbani.

Kwa hiyo sidhani kuanza kudai pampu ndiyo hatua ya kwanza. Hospitali isiyoweza kupima damu ya mwenye vali haitaweza kumlinda mwenye pampu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Wewe mwenye vali, au mzazi wa mtoto mwenye moyo mgonjwa, nenda kwenye kikao kijacho cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti yako. Omba kipimo cha kuganda kwa damu, warfarini na penisilini karibu na nyumbani, na uende na wenzako.