Vifaa vya Kufundishia Watoto Lugha ya Pili (Bunia)

Ni jumla ya ala na matini azitumiazo mwalimu kumwingiza mtoto katika lugha asiyoipata kwa mamaye. Na huko Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako majumbani husemwa Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira, Kiswahili chenyewe kwa watoto wengi ni lugha ya pili, na Kifaransa, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2006, huwa ya tatu. Mwalimu hodari, hata asipokuwa na kitabu, huinua embe, akalitaja kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, na darasa zima likaitikia. Sheria ya elimu ya 2014 iliziruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia. Walakini ruhusa bila vitabu haitoshi.