Mkono wa Kulia wa Cranmer

Stima ikipotea mtaani kwetu Lucky Summer, Nairobi, shosho mmoja jirani yetu, Mwanglikana wa tangu utotoni, hakimbilii mshumaa. Husali kwanza. Ni sala ya pumzi moja tu: Mungu atuangazie gizani, atukinge na hatari za usiku huu. Huisema kwa Kiswahili, macho ameyafumba, wala hahitaji kitabu. Kasisi aliyeitoa kwenye Kilatini na kuwapa Waingereza wa kawaida alichomwa moto mwaka 1556.

Thomas Cranmer, mzaliwa wa 1489, alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1533. Enzi hizo misa ilisomwa kwa Kilatini, na wengi waliitikia Amina wasijue wameomba nini. Cranmer alizichukua sala za kale, akazifumua, akazishona upya kwa Kiingereza: unamwita Mungu, unataja alivyo, unaomba jambo moja, unamalizia kwa jina la Kristo. Basi. Waumini wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo sala ilibidi inase sikioni. Kitabu chake cha Sala kilianza kutumika Juni 1549.

Hapo hapo akajikwaa. Watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, waliasi, wakalalamika kwamba miongoni mwao wamo wasiojua Kiingereza kabisa. Lugha ya mama waliyoletewa ilikuwa ya mama wa wengine! Uasi ulizimwa kwa damu.

Malkia Mary, Mkatoliki, alipotawala mwaka 1553, Cranmer, Mprotestanti, alitiwa gerezani. Akaogopa, kama ambavyo ningeogopa mimi, akatia sahihi karatasi za kuikana imani yake, si mara moja. Lakini tarehe 21 Machi 1556, mjini Oxford, alizikataa karatasi hizo hadharani, na kuni zilipowashwa akautanguliza motoni mkono wa kulia, ule uliotia sahihi.

Sala zilisafiri. Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya wamisionari wa Kianglikana, alichapisha sala za asubuhi na jioni kwa Kiswahili huko Tübingen mwaka 1854. Mwaka 1989 Waanglikana wa Kenya wakatoa ibada yao wenyewe ya Ushirika Mtakatifu, ambayo mwishoni waumini hupunga mikono kuelekea msalabani, kana kwamba wanafagia shida zote za wiki.

Shosho naye hupunga, tena kwa nguvu. Ila giza likiingia huirudia sala ile ya zamani, na akishasema Amina ndipo huuliza kiberiti kiko wapi.