Kutafuta Majina ya Baba Zetu

Kitabu cha Ezra kinasimulia jinsi Wayahudi waliokuwa wakijenga hekalu walivyoulizwa ni nani aliyewapa ruhusa. Walijibu kwamba ni mfalme Koreshi. Mfalme Dario akaagiza kumbukumbu zipekuliwe Babeli, lakini gombo likaonekana mbali na hapo, Ahmetha, katika nchi ya Umedi. Kazi ya Mungu ikaendelea kwa sababu ya andiko moja lililotunzwa. Katika kitabu hicho hicho wako pia makuhani waliotafuta nasaba yao katika orodha wasiipate, nao wakaondolewa katika huduma.

Sisi wa Mkwajuni tunayaelewa mambo haya. Pamoja na wenyeji wa bonde hili, wengi wetu ni wajukuu wa watu waliofuata dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920. Mgodi wa Saza, jirani zetu, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Vibarua walitoka Rungwe, Ufipa, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wapo waliozikwa hapa bila ndugu zao kupata habari. Leo vijana wawili wakitaka kuoana, wazee huulizana kama si ndugu, na mara nyingine hakuna mwenye jibu.

Tuanzie wapi? Tuanzie kwa wazee wetu wangali hai: tuandike majina ya bibi na babu, kijiji walikotoka, na dhehebu lililowabatiza. Kisha twende kwenye daftari la ubatizo. Wakati wa Mwingereza Waafrika wengi hawakulazimishwa kusajili vizazi vyao, kwa hiyo hata RITA haiwezi kutoa cheti cha mtu ambaye hakuandikwa popote. Lakini mchungaji au padri alimwandika: jina, wazazi, wasimamizi, siku.

Madaftari hayo yako kwenye makanisa ya zamani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakaenea hadi Mbozi. Barua na taarifa zao nyingi zilipelekwa Herrnhut, Ujerumani, ambako ziko mpaka leo. Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, waliofanya kazi Galula, walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, na kumbukumbu za shirika lao zimehifadhiwa Roma. Aliyebatizwa Galula asitafutwe Rungwe.

Kwa upande wa Serikali, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina hifadhi yake Upanga, Dar es Salaam. Humo mna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliandika habari za machifu, koo na mila. Mtafutaji asiulize jalada la Mkoa wa Songwe, kwa maana mkoa huu umezaliwa mwaka 2016. Aulize Mbeya, Chunya na Lupa. Na kwa wakati wa Mjerumani aulize Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Mwenye asili ya Nyasaland aulize pia Zomba, na wa Rhodesia ya Kaskazini aulize Lusaka. Wala asikate tamaa akikuta jina la chifu bila la babu yake. Serikali iliwaandika zaidi watawala. Kanisa liliandika hata mtoto wa kibarua.

Ndiyo maana madaftari yetu wenyewe ni amana. Mchwa hawachagui kitabu, na paa linalovuja huharibu kwa msimu mmoja kazi ya miaka hamsini. Kila kanisa liweke vitabu vyake katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu, lipige picha kila ukurasa, na nakala zitunzwe mahali pengine. Na tunapobatiza leo tuandike majina yote matatu, pamoja na la mama.

Tukitafuta tusipate, tusimdharau ndugu asiyejua ukoo wake. Makuhani wale waliondolewa kwa kukosa orodha, lakini Kristo hakumfukuza aliyemjia. Majina ambayo daftari limeyapoteza, Mungu anayo. Yale ambayo bado yanasomeka, ametukabidhi sisi.