Kilombero juu ya meza

Wapenzi wa reli za mfano huko Ulaya na Marekani hupata taabu zaidi na mlima kuliko na treni yenyewe. Zamani waliujenga kwa wavu wa waya na karatasi iliyochovywa kwenye plasta. Siku hizi wengi hutumia povu gumu la plastiki, ndugu wa lile linalofungiwa runinga mpya ndani ya boksi. Hugundisha vibao kimoja juu ya kingine, wakavikata kwa waya wa moto, wakavisugua kwa msasa na kuvipaka rangi ya udongo. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 87. Je, fundi wa namna hiyo akiamua kuichonga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Kidatu hadi Makambako?

Mwanzo utamdanganya. Reli inapita Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba ikiwa imeegemea miguu ya Udzungwa, na mezani kipande hicho kitaonekana tambarare tupu: mpunga huku, msitu kule. Lakini haikuwekwa pale kwa kupenda mandhari. Masika mto Kilombero huitanda mbuga, na kutoka milimani hushuka Lumemo, Ruipa, Kihansi na vijito visivyohesabika, vyote vikitaka kupita palepale penye tuta. Ni kwa maji ya namna hii njia nzima ya kilomita 1,860 ilijengewa makalavati 2,225. Povu halijui masika. Fundi anaweza kuyasahau makalavati yote na treni yake ikaendelea kukimbia.

Waliouchonga udongo wenyewe hawakuwa na nafasi hiyo. Baada ya nchi za Magharibi kukataa kugharimia reli hiyo, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mkataba Beijing mnamo Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na Mang'ula pakawa kambi kubwa yenye karakana zake. Vijana wa Kitanzania, wengine wakitoka Jeshi la Kujenga Taifa, walishika sururu na baruti bega kwa bega na Wachina. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha; wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Kazi hasa ilikuwa baada ya Mlimba. Hapo reli inaacha bonde na kupanda kwenda Makambako, zaidi ya mita 1,000 juu, ikitoboa miamba na kuruka makorongo. Daraja la mto Mpanga lina kimo cha karibu mita 50, na handaki la Irangi namba 3 lina urefu wa takriban mita 800. Mezani daraja hilo litamfikia mtu mapajani, si haba kwa kazi ya mikono. Ila mpando wenyewe utahitaji mita 11 na ushee, yaani nyumba ya ghorofa tatu iliyotobolewa dari zote. Na udongo na mawe yaliyohamishwa katika njia nzima, mita za ujazo milioni 89, yangebaki mita za ujazo 135. Ni malori ya mchanga kama 20 hivi, mlangoni kwa jirani yako.

Nyumba nazo zisimpite. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahamisha watu wengi wakaishi katika vijiji vya ujamaa kandokando ya reli, na baada ya makabidhiano ya reli Julai 1976 stesheni zikawa masoko. Mandhari ya Kilombero yasiyo na magunia ya mpunga na mikungu ya ndizi kwenye jukwaa ni kazi nusu.

Kidatu ndiko ningependa kumwona fundi huyo akihangaika. Hapo ndipo TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia, inapokutana na tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa, lenye upana wa mita moja. Kwa kipimo chake tofauti haifiki milimita moja. Ataimaliza kwa tupa. Kidatu kwenyewe, kwa milimita hizo 67, mizigo hushushwa behewa hili na kupakiwa lile.