Kutoka Saadani hadi Tasmania: Nasaba ya Edward na Annie Hore na Suala la Wapagazi Wao

Historia ya familia ya Wazungu waliopita pwani ya Bagamoyo katika karne ya 19 hufuatiliwa kwa urahisi kwa sababu taasisi zao zilihifadhi kumbukumbu. Insha hii inatumia mfano wa Edward Coode Hore na mkewe Annie kuonesha kuwa kumbukumbu hizo, zikisomwa peke yake, hutoa nasaba ya upande mmoja tu wa msafara.

Hore, nahodha aliyezaliwa Uingereza mwaka 1848, alitumwa na London Missionary Society mwaka 1877. Msafara wake ulianzia Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, kwa matumaini kwamba mikokoteni ya ng'ombe ingepunguza haja ya wapagazi. Ng'ombe walikufa njiani na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Hore alifika Ujiji mwaka 1878. Alimwoa Annie mwaka 1881, na mwana wao, Jack, alizaliwa mwaka uliofuata. Mwishoni mwa mwaka 1884 mama na mtoto walisafiri kutoka Saadani, Annie akiwa katika kiti kilichobebwa na wapagazi, wakafika Ujiji Januari 1885. Maskani yao yakawa kisiwa cha Kavala, katika Ziwa Tanganyika. Familia ilirejea Uingereza mwaka 1888, na Jack akafariki mwaka 1889. Baadaye Hore alikuwa nahodha wa meli ya misheni katika Bahari ya Pasifiki. Hatimaye alihamia Tasmania, Australia, alikofariki mwaka 1912.

Mnyororo huu unafuatilika kwa sababu kila hatua iliacha maandishi. Barua za misheni zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Annie alichapisha simulizi ya safari yake mwaka 1886, na Edward akachapisha kitabu chake mwaka 1892. Katika maandishi ya aina hii wapagazi huonekana zaidi kwa idadi, mzigo na ujira. Mtu aliyembeba mama wa Jack anajulikana kwa kazi yake, ilhali Jack anajulikana kwa jina, wazazi na mwaka wa kufa.

Je, nasaba ya wapagazi imepotea? Insha hii inadai kuwa haijapotea, bali imehifadhiwa kwa utaratibu mwingine. Kwanza, miongoni mwa Wazaramo na Wakwere ukoo hufuata upande wa mama. Mtafiti anayefika Vigwaza na kuuliza jina la babu mzaa baba pekee, kama afanyavyo katika rejista za parokia za Uingereza, ataukosa ukoo wenyewe. Pili, upo utani. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya pwani unahusishwa na safari za misafara, na miongoni mwa wajibu wa mtani ni kushughulikia mazishi ya mtani wake. Mpagazi aliyefia mbali na kwao alihitaji watu wa kumzika, na utani ulijibu haja hiyo. Kwa hiyo utani si mzaha tu. Ni kumbukumbu ya mahusiano yaliyojengwa njiani.

Kwa mtazamo huo, maandishi ya akina Hore yana thamani kubwa kwa historia ya wenyeji, kwa kuwa yanatoa tarehe, njia na vituo ambavyo simulizi za ukoo mara nyingi hazivitaji kwa miaka. Simulizi nazo hutoa watu ambao maandishi yamewaacha bila majina. Vyanzo hivi viwili havina budi kusomwa pamoja: tarehe ya msafara iwe kigezo cha kupanga vizazi, na usaili wa wazee uanze na ukoo wa mama na watani wa familia.

Kwa kuhitimisha, kuifuatilia familia ya Hore hadi Tasmania ni nusu ya kazi. Nusu nyingine imo katika vijiji vya Mkoa wa Pwani na Unyamwezi, kwa wazee ambao hawataishi daima. Kuchelewa kuwahoji ni kuiachia kalamu ya msafiri iwe shahidi pekee.