Nyota Mgeni

Tarehe 4 Julai 1054, wanajimu wa dola ya Song nchini China waliandika kwamba nyota mgeni imetokea. Ilionekana hata mchana kwa siku 23, iking'aa kama Zuhura, na usiku haikutoweka hadi Aprili 1056. Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad, aliihusisha na maradhi yaliyoua watu wengi Konstantinopoli.

Kama mwanafunzi wa historia, humrudia mara kwa mara tabibu huyu. Ni rahisi kumcheka. Nyota ile ilikuwa umbali wa miaka-nuru 6,500 hivi. Isingeweza kumwambukiza mtu. Ilikuwa nyota kubwa iliyoishiwa nishati: kiini chake kiliporomoka kwa uzito wake, matabaka ya nje yakarushwa angani.

Mwaka 1921 John Duncan alilinganisha picha za wingu liitwalo Nebula ya Kaa, akaona linatanuka. Mwaka 1928 Edwin Hubble alipiga hesabu ya kurudi nyuma, akapata miaka 900 hivi. Siku yenyewe tunaijua kwa sababu ya makarani wa Song.

Gesi hiyo bado inasambaa kwa takriban kilomita 1,500 kwa sekunde, ikibeba oksijeni na chuma. Chuma kilichomo katika damu yetu nacho kilitoka kwenye nyota zilizolipuka kabla Jua halijazaliwa. Kwa hiyo simtupi shahidi kwa kuwa maelezo yake yamepitwa na wakati. Namuuliza kwanza aliona nini, na lini.